Stesheni Isiyobomoka

Ejnar Kvistgaard ni mtu mpole mpaka umtajie gundi. Ni seremala mstaafu, ana nywele nyeupe zinazosimama kama za mtu aliyeamshwa sasa hivi, na vidole vinene ambavyo ungedhani haviwezi kushika hata kitufe cha shati. Lakini vidole hivyohivyo hujenga makanisa, maghala na magari moshi kwa vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea watoto. Anavyo kwenye droo, kwenye ndoo, kwenye mitungi ya jemu iliyooshwa ikaanikwa. Chumba alicholala binti yao Lone kabla hajaolewa hakina tena nafasi ya kitanda, na Lone akija na mumewe wanalala sebuleni.

Mimi ni jirani yake. Nimekaa mtaa mmoja naye tangu Henning aliponioa na kunileta huku kwao Jutland, kwenye nchi ya baridi, na nilipoona kwa mara ya kwanza wanaume wenye mvi wakikaa mezani na vitofali, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilimwuliza Henning kama hawa hawana wajukuu wa kuwasingizia. Hujafa hujaumbika. Leo nami nina droo zangu, za vitofali vya kijani peke yake, na mtu akizichanganya tunakosana.

Chama chetu hukutana Alhamisi katika chumba kilichokuwa cha kushonea pale shuleni. Kuna kahawa, kuna maandazi ya mdalasini, na kuna sheria moja kubwa: kinachojengwa lazima kiweze kubomolewa. Kitofali hakikatwi, hakipakwi rangi, na zaidi ya yote hakitiwi gundi. Maonyesho yakiisha, kila mtu anavunja alichojenga na vitofali vinarudi kwenye droo kungoja umbo jingine. "Kitofali chenye gundi kimekufa," Ejnar husema. "Hicho sasa ni sanamu. Kaweke makaburini."

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, tena kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuagiza meza. Kila mwaka majira ya majani kupukutika, asubuhi ya maonyesho kabla milango ya ukumbi wa michezo haijafunguliwa, alikuwa akipita meza hadi meza, mikono nyuma kama mkaguzi wa jeshi. Alikuwa na namna yake: anashika dohani la nyumba, lile bomba la moshi juu ya paa, kwa vidole viwili, analizungusha kidogo, analing'oa, analirudisha. Likitoka anasema "Safi" na kupita. Kama hakuna dohani, anashika chochote kilicho juu kabisa. Kisipotoka, basi umekwisha.

Ndivyo yalivyomkuta Preben Damsbo, aliyekuwa mchinjaji wetu hapa mjini. Alikuwa amejenga kinu cha upepo cha kupendeza, na Ejnar akashika ncha ya bawa.

"Preben. Hili halitoki."

"Tone moja tu, Ejnar! Bawa linaanguka kila nikifunga mlango wa gari."

"Basi usifunge mlango."

"Nije mlango wazi toka nyumbani, kwenye mvua hii?"

"Peleka kinu chako nyumbani."

Preben alikibeba kinu chake mpaka mlangoni, akageuka. "Polisi wa plastiki!" alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jina likashika. Lakini kinu kilikwenda nyumbani, na Ejnar hakutabasamu hata kidogo.

Mkewe, Bodil, hakuwahi kujenga kitu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito ya kushangaza, anayekuja Alhamisi na chupa ya kahawa, kukaa pembeni na kufuma soksi, na kuwauliza wale wazee kama mama zao wanajua waliko. Nilimpenda siku ile ile niliyomjua. Hakuniuliza hata mara moja kama nasikia baridi. Aliniletea soksi.

Bodil alikuwa binti wa stesheni masta wa Lyngkær, kijiji cha jirani. Familia yao ilikaa ghorofani, juu ya chumba cha tiketi, na alijua saa kwa kusikia vikombe vinatetemeka kabatini. Ejnar alikuwa kijana anayejifunza useremala, akipanda treni ya asubuhi pale. Siku moja, akiwa amesimama chini ya dirisha, makombo ya mkate mweusi yalimwagikia kofia yake. Aliangalia juu akaona msichana anakung'uta kitambaa cha meza.

"Wee! Umenimwagia makombo!"

"Basi umeshapata kifungua kinywa. Sema asante."

Hadithi hii waliisimulia wote wawili kila Krismasi, kila mmoja akidai mwenzake anaongeza chumvi. Ejnar alisema ulikuwa mkate mkavu wa siku mbili. Bodil alisema hajawahi kula mkate mkavu wa siku mbili katika maisha yake. Harusi yao ilikuwa katika kanisa la Lyngkær, na waliondoka kwa treni ileile, baba mtu akipuliza filimbi huku analia.

Baadaye reli ilifungwa. Stesheni ilisimama tupu miaka kadhaa, madirisha yamezibwa kwa mbao, kisha asubuhi moja ikaja mashine na kuiangusha. Pale sasa ni maegesho ya magari ya duka kubwa. Bodil alikuwa amekwenda na baiskeli yake, akasimama ng'ambo ya barabara akaangalia mpaka mwisho. Aliona chumba chake cha kulala kimefunguka ubavuni, na karatasi za ukutani, zile za maua ya bluu, zinapepea hadharani kila mtu akiziona. Alirudi nyumbani akachemsha viazi. Hakulizungumzia jambo hilo, wala hakununua kitu katika duka lile, hata maziwa yalipokuwa ya bei ya kutupwa.

Kwa hiyo Bodil alipotimiza miaka sitini, na bendera imepandishwa uani kama ilivyo desturi ya huku siku ya kuzaliwa, Ejnar alimletea stesheni ya Lyngkær mezani, imefunikwa shuka. Alikuwa ameijenga kwa siri kwa vitofali vyekundu vya zamani, vile vyenye wekundu wa kukolea ambao vipya havina. Nilikuwepo. Bodil alivua miwani, akaivaa tena, akalia kwa sauti, na wageni tukawa hatujui tuangalie wapi. Kisha akapangusa uso na kusema:

"Mlango wa bohari ulikuwa kushoto."

"Kulia," Ejnar akasema.

"Kushoto, mzee wangu. Nimekaa pale, au umekaa wewe?"

"Mimi nilikuwa nasubiri treni pale kila siku!"

"Ulikuwa unaangalia dirishani. Mlango ungeuona saa ngapi?"

Walibishana wiki nzima, na mwisho mlango ukahamia kushoto. Kwenye dirisha la ghorofani Bodil mwenyewe alichomeka ua jekundu, dogo kuliko ukucha. Hicho ndicho kitofali pekee nilichowahi kumwona akikigusa.

Maonyesho yalipopita, Ejnar akaleta droo zake. Sheria ni sheria, hata kwa mwenyekiti, na zaidi kwa mwenyekiti.

"Hii usiibomoe," Bodil akasema.

"Bodil, naijua kwa moyo. Siku yoyote ukiitaka nitaijenga upya."

"Wewe utakuwa unaijenga tena. Mimi nitakuwa naiona inabomolewa tena. Nimeshaiona mara moja, Ejnar, inanitosha."

Basi akampa mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha akampa mwingine, lakini kila mara akisema huu ndio wa mwisho, vitofali vile vyekundu vinahitajika. Stesheni ilikaa juu ya kabati fupi la sebuleni, na Bodil alikuwa akiipangusa vumbi kwa brashi ya rangi. Ejnar naye kila akipita, kwa mazoea tu, alizungusha dohani, likatoka, akalirudisha, akaendelea na safari yake ya chooni.

Kisha Bodil akaacha kuja Alhamisi. Alisema miguu inamuuma. Majira yale yote ya baridi alibaki nyumbani Ejnar akija chamani, na mimi nikawa napitia kwake mara mojamoja kabla ya mkutano kumwachia kipande cha keki. Siku moja nilikuta sebule inanuka vikali.

"Kuna harufu gani humu?"

"Rangi ya kucha," akasema.

"Wewe? Rangi ya kucha?"

"Kwani mimi si mwanamke?" Akaficha mikono chini ya aproni, akanifukuza. "Nenda zako, utachelewa. Kawasalimie watoto wangu."

Nilicheka njia nzima. Nilidhani uzee umemletea urembo, na nikafurahi kwa ajili yake.

Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya viazi vipya kuchimbwa. Aliugua muda mfupi na hakutaka watu wamwonee huruma. Kwenye kahawa baada ya mazishi, Ejnar alizunguka meza kukaza vifuniko vya chupa vilivyokuwa vimekazwa tayari. Tangu siku hiyo alikaa na ile stesheni pembeni yake.

Chama kilipokata shauri kujenga barabara nzima ya zamani ya mji wetu, kila mtu nyumba moja, ikaonekana vitofali vyekundu vya kukolea havitoshi. Kila mtu alijua vilipo na hakuna aliyethubutu kutaja. Ejnar akataja mwenyewe.

"Nitaibomoa stesheni. Bodil hayupo, na vitofali si kaburi."

Nikamwambia afikiri kwanza. Akasema ameshafikiri, na kwamba nije Jumapili mchana nimshikie trei, kwa kuwa mikono yangu haitetemeki. Ukweli ni kwamba hakutaka kuwa peke yake, na mimi nilikwenda.

Alianza na dohani. Likatoka. Akashika paa. Paa likakataa. Akaingiza kile kibanduo kidogo cha plastiki tunachotumia sote, kikateleza. Akajaribu kwa kucha, kisha, Mungu amsamehe, kwa meno, jambo ambalo amewakataza watu wote wa chama hadi watoto wao. Hakuna kilichosogea. Akaipindua stesheni, akaisogeza dirishani, na mwanga ulipoingia ubavuni tukaona wote wawili uzi mwembamba unaong'aa kati ya kitofali na kitofali, safu baada ya safu, mpaka chini.

"Gundi," akasema. Uso ukamgeuka rangi. "Gundi! Nyumbani kwangu!"

"Ejnar, tulia."

"Ni Preben! Alikuja kwenye mazishi, alikaa humu peke yake, nilimwona! Amelipiza kisasi cha kinu chake, mshenzi yule!" Tayari ameshashika simu.

"Ngoja. Weka simu chini. Bodil alikuwa anapaka rangi ya kucha?"

"Bodil? Hajawahi maishani mwake. Unaniuliza upuuzi gani sasa hivi?"

Nikamwambia juu ya ile harufu. Alisikiliza, simu bado mkononi, kisha akaiweka. Akaketi. Akaivuta stesheni karibu, akaanza kuipitia kwa kidole, taratibu, ukuta kwa ukuta, kama anavyokagua kiungo cha mbao. Hakukuwa na tone lililomwagika wala alama ya dole. Huwezi kutia gundi namna hiyo kwa nje. Ni lazima ubandue safu yote, upake, uirudishe, usubiri ikauke, uende safu ya pili. Ni lazima uivunje stesheni yote mpaka sakafuni na kuipandisha tena mwenyewe, na kila Alhamisi uwe umeshairudisha sawasawa kabla mumeo hajavua viatu mlangoni.

"Ameijenga," Ejnar akasema. "Ameijenga yote. Peke yake."

Kisha akaliona dohani pale kwenye trei.

"Na dohani akaliacha. Alijua nitashika dohani." Akaanza kucheka. "Muda wote ule nalizungusha, naliona safi, na yeye amekaa kwenye kiti pale anafuma soksi! Mwanamke yule amenichezea shere, jirani! Amenichezea shere!"

Alicheka mpaka kicheko kikageuka, na ndipo nilipomwona Ejnar Kvistgaard akilia kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kichwa kimelalia jukwaa la abiria. Nami nikalia naye. Sijui kulia kidogo.

Vitofali vyekundu vikatafutwa kwingine. Maonyesho yalipokaribia, Ejnar akasema ataipeleka stesheni. Wazee wa Lyngkær waliowahi kupanda treni ile wanapungua kila mwaka, na alitaka waione wakiwa bado na macho. Kazi ya kukagua alimpa Signe, mwalimu wa hesabu, mwanachama wetu mdogo kuliko wote, aliyeona haya hata kumkatalia mtu keki.

"Na gundi je?" nikamwuliza. Tulikuwa jikoni kwake, anakula mkate na samaki wa siki.

Akatafuna.

"Si unyamaze tu," nikasema. "Dohani linatoka. Signe kafundishwa na wewe, atashika dohani. Nani atajua?"

Akajikatia kipande kingine cha mkate. Nilirudi nyumbani na wasiwasi. Akinyamaza, atakuwa amevunja sheria aliyoilinda kuliko afya yake. Akisema, stesheni ya Bodil itatolewa ukumbini mbele ya watu, na Preben yupo.

Asubuhi ya maonyesho Signe alipita meza hadi meza, mikono nyuma, hatua zilezile za Ejnar. Alipofika kwenye stesheni alitabasamu, akashika dohani kwa vidole viwili, akalizungusha. Likatoka. Akalirudisha kwa upole.

"Safi," akasema, akapita.

Nilishusha pumzi. Henning akanifinya mkono.

"Signe," Ejnar akaita. "Rudi."

"Nini?"

"Jaribu ukuta."

"Dohani limetoka, Ejnar. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nilikufundisha vibaya. Jaribu ukuta."

Signe akajaribu kona ya bohari. Akajaribu dirisha. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Watu wakaacha walichokuwa wanafanya, na Preben akateremsha skonzi lake kwenye sahani.

"Usiniambie," Preben akasema.

"Nakuambia."

"Polisi wa plastiki! Kashikwa!" Alianza kucheka, kisha akaona uso wa Ejnar, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Signe akainama karibu. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikasikia. "Mimi sijaona kitu, Ejnar. Nitasema safi, tuendelee. Hakuna mtu atakayelalamika. Hata Preben hatalalamika."

"Najua," Ejnar akasema, na hakunong'ona. "Lakini ukisema haina gundi, utakuwa umesema Bodil hakufanya kitu. Alihangaika na kazi hii majira mazima ya baridi, anajificha ili nisimwone. Sasa na mimi nimfiche? Sema."

"Ina gundi," Signe akasema kwa sauti ya chini.

"Wasikie."

"Ina gundi!" Signe akapaza sauti, machozi yanamtoka.

"Basi itoke."

Akaishika upande mmoja. Ilikuwa pana, pamoja na jukwaa na kipande cha reli, na mtu mmoja asingeweza kuipitisha mlangoni. Preben ndiye aliyekuja kushika upande wa pili, bila kuitwa.

"Taratibu," Preben akasema. "Taratibu mlangoni hapo, isije ikaanguka ikavunjika."

"Haivunjiki," Ejnar akasema.

Wakaiweka kwenye meza ya ukumbi wa nje, pale watu wanapotundika makoti, ambako si ndani ya maonyesho na sheria haifiki. Ikawa ndicho kitu cha kwanza kila mgeni anachokutana nacho, kabla hata ya kulipa kiingilio. Kikadi cha jina kilikuwa kimeachwa ndani, nikakifuata. Kiliandikwa kwa chapa, kama vyote: Stesheni ya Lyngkær, mjenzi Ejnar Kvistgaard. Akaniomba kalamu, akalikata jina lake kwa mstari mmoja, akaandika la Bodil juu yake.

Hakuingia ukumbini siku nzima. Alisimama pale kati ya makoti yaliyolowa, na kikongwe mmoja wa Lyngkær, aliyekuja na mkongojo, akainama mpaka pua ikakaribia dirisha la ghorofani. Mlango wa bohari akautambua, akasema ndiyo, ulikuwa kushoto.

"Nani kaijenga hii?"

"Mke wangu," Ejnar akasema. "Mimi nilimletea vitofali tu."